Simu Inayoona Kidole

Mtu akikwambia simu yake ni nzuri, muulize: nzuri kwa kazi gani? Wengi watakutajia kamera, wengine chaji, na wapo watakaoigeuza tu mgongo uone nembo, halafu wanyamaze kama wamemaliza kesi. Fundi makochi wa mtaa huu alikuwa na kipimo chake, kimoja tu, ambacho wauza simu wote hawajawahi kukisikia. Kwake yeye simu nzuri ni ile inayomwonyesha vizuri kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa binti yake.

Kidole chenyewe kimepinda kwenye kiungo cha juu, kinaangalia nje kama kimemnunia mwenzake wa jirani. Binti alikikuta hivyo tangu apate akili. Alidhani amezaliwa nacho, na kwa kuwa hakimuumi wala hakimzuii kushika spana, hakuwahi kuhangaika kuuliza.

Binti huyo watu wote wanamwita Mwanya. Jina alipewa na baba yake, tena kwa mkono: ncha ya kidole inagusa katikati ya meno ya mbele, basi. Fundi ni kiziwi tangu utotoni, na majina ya mdomoni hayamsaidii kitu. Majirani walipoiona ile ishara siku nenda siku rudi, wakaitia sauti, ikawa jina. Mama yake Mwanya alitangulia mbele ya haki mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo nyumba ikabaki na watu wawili wanaozungumza kwa mikono toka asubuhi mpaka taa izimwe. Ukuta wa pili anakaa Shangazi, dada wa fundi, mwanamke asiyejua kunong'ona. Huyo kelele za wote watatu anazipiga peke yake.

Basi Mwanya alisomea ufundi wa mitambo ya baridi, majokofu na viyoyozi, akawa hodari. Mwezi ule akapata kazi ya maana kwenye ghala kubwa la kuhifadhia matunda, katika mji ambao ukipanda basi alfajiri unafika kesho yake umevimba miguu. Meneja wa ghala alimpa mpaka Ijumaa aseme ndiyo au hapana. Na Mwanya aliitaka kazi ile, jamani, tusidanganyane. Aliitaka mpaka akawa anajikuta anachora mabomba ya gesi kwenye vumbi la meza.

Kilichomkwamisha ni mazungumzo. Wewe ukisafiri unampigia baba yako simu, unasikia "haloo", roho inatulia. Mwanya angempigia nani haloo? Kuandikiana nako hakukuwafaa. Fundi alisomea shule ambayo mwalimu aliwapa mgongo na kuongea na ubao, kwa hiyo maandishi aliyotoka nayo ni ya kazi tu: mita, leo, kesho, asante. Ya moyoni yote yako mikononi na usoni. Ikabaki simu ya video, na simu ya fundi ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka pembeni, ukiigusa inawaza kwanza ndipo ifungue kitu.

"Kama siwezi kuongea na wewe, siendi," Mwanya alimwambia baba yake kwa mikono, wakiwa wanakula.

"Utakwenda," baba akajibu, kijiko kikiwa bado katikati ya vidole.

"Tujaribu kwanza."

"Jaribu. Utakwenda."

Wakajaribu. Fundi akaingia karakana, ambayo ndiyo chumba cha mbele cha nyumba, akakaa kwenye kiti chake cha kazi akiutazama mlango kama kawaida yake, akaiegemeza simu kwenye bunda la sponji. Mwanya akaenda sebuleni kwa Shangazi na simu yake mwenyewe, akapiga.

Picha ikaja. Baba huyo hapo, kofia yake ileile, na nyuma yake dirisha la uani. Akainua mikono aseme kitu, na hapo ndipo Mwanya aliposhtuka. Mikono haikuwepo. Palikuwa na ukungu tu unaopita mbele ya kifua. Mkono ukisimama unaonekana, ukitembea unapotea. Alikaza macho mpaka yakamwasha, na neno hata moja hakulipata.

"Rudia," akasema. Baba akarudia. Ukungu.

"Rudia polepole." Akarudia polepole kama anamfundisha mtoto mdogo, na bado vidole vyote vikawa kitu kimoja.

Ajabu ni kwamba upande wa pili fundi hakuwa na shida hata chembe. Aliinua kidole chake cha mwisho cha kushoto, akakishikilia bila kukitikisa, na hicho Mwanya akakiona. Alijua anachotaka: nionyeshe kidole. Tangu utotoni, akirudi shuleni, akitoka safari, akiamka na homa, baba yake huanzia hapo. Mwanya akainua chake. Fundi akasogeza uso kwenye simu, akakitazama, akatabasamu, akainua dole gumba.

"Amesemaje?" Shangazi aliuliza, keshaingiza kichwa kizima kwenye picha.

"Amesema simu iko sawa."

"Na wewe?"

"Mimi sijaona kitu, Shangazi. Yeye ananiona, mimi simwoni."

"Basi hayo siyo mazungumzo," Shangazi akasema. "Hiyo ni televisheni."

Siku nyingine Mwanya angecheka. Siku hiyo alijiona ameketi kwenye chumba cha mji wa mbali, baba yake anamweleza jambo kwa mikono yote miwili, na yeye anaitikia tu kwa kichwa asijue anaitikia nini.

Kesho yake ikawa siku ya kuitibu simu. Shangazi alikuja na ushauri wake, maana yuko kwenye makundi mengi ya simu na humo watu hawakosi tiba.

"Inachemka hiyo. Iweke kwenye friji ipoe."

"Shangazi, mimi ni fundi wa mafriji."

"Ndiyo maana nakwambia wewe!"

"Ikinyonya unyevu tumeizika. Kaa hapo, nishikie huu mfuniko."

Ule mfuniko wa plastiki ulikuwa mnene na umejaa unga wa sponji, ndio uliokuwa unaibana simu isipumue. Akautupa. Akafuta jicho la kamera, lilikuwa na tone la gundi limekaukia pembeni. Halafu akafungua nafasi ya kuhifadhia vitu aone imejaa nini, na akakuta imejaa mpaka mlangoni. Maua! Video za waridi zinazometameta, vipepeo, jua linachomoza, na maandishi ya "Asubuhi Njema" yanayoruka huku na huku, kila moja na muziki wake. Zote kutoka kwa Shangazi.

"Unamtumia muziki mtu asiyesikia?"

"Namtakia asubuhi njema kaka yangu! Ni kosa?"

"Anakaa ukuta wa pili, Shangazi. Gonga mlango."

"Nikigonga atasikia?"

Mwanya akafuta maua. Akatoa programu zilizojileta zenyewe, ikiwemo dira, ingawa fundi hajawahi kupotea njia ya kwenda jikoni. Zile zinazofanya kazi chinichini bila kuitwa akazifunga, akapunguza mbwembwe za kioo, zile za madirisha kufunguka kwa madaha, akasasisha kilichotakiwa kusasishwa, akaizima, akaiacha ipumzike, akaiwasha. Lo! Simu ikawa nyepesi. Ukigusa, imefungua. Fundi aliigusa hapa na pale kwa mashaka, kisha akasema kwa mikono kwamba imekunywa kahawa.

Wakarudi kila mtu mahali pake, fundi kwenye kiti, Mwanya kwa Shangazi. Picha ikaja haraka ajabu. Baba akainua mikono. Ukungu uleule.

"Basi inunuliwe mpya," Shangazi akakata shauri. "Mimi nachangia. Mtoto haachi kazi kwa ajili ya takataka."

Duka la simu liko barabara kubwa, lina taa nyeupe dari nzima, unaingia mchana na bado unakunja uso. Muuzaji wake watu wanamwita Giga, kijana mwenye fulana ya kubana na maneno kama maji. Alipoambiwa kwamba mzee hasikii, akaanza kupiga kelele.

"MZEE KARIBU! HII INA KAMERA TATU!"

Fundi akamgeukia binti yake. "Mbona anatutemea mate?"

"Anasema karibu," Mwanya akajibu. Akamweleza Giga wanachotaka: yeye atasimama hapa kaunta na simu ya dukani, baba atasimama kule mwisho kwenye rafu ya chaja na simu ya Mwanya, na wataongea. Giga alikuwa ameshauza simu kwa watu wa kila namna, lakini wateja wa kupigiana simu humohumo dukani hajawaona. Akaegemea kaunta, akasahau kupiga kelele.

Ya kwanza ilikuwa ya bei ya juu, ile inayotajwa kila mahali, macho matatu mgongoni. "Hii ina akili," Giga akasema. "Inajua yenyewe nani wa muhimu kwenye picha. Ukisogea inakufuata, na vya nyuma inavififisha." Mwanya akapiga. Kule mwisho fundi akatazama, akainamisha kichwa, akaisogeza mbali simu aliyoishika, akairudisha.

"Nakuona sana," akasema kwa mkono mmoja. "Pua yote. Mikono umeiacha nyumbani?"

Kumbe ile simu, kwa akili zake, imeamua kwamba mtu ni uso. Imeusogelea uso, na mkono kila ukitoka mbali na mwili inaufifisha pamoja na rafu za nyuma, kana kwamba ni uchafu. Mwanya aliinua kidole, kikayeyuka. Akakitoa, akakirudisha, kikayeyuka tena.

"Inafanana na mwalimu wangu," fundi akasema, na Mwanya alipomtafsiria Giga, Giga aliona aibu kama yeye ndiye aliyeitengeneza. Akazama kwenye mipangilio, akazima hiki, akazima kile, mpaka simu ikakubali kuona mikono. Lakini alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ikijisasisha huenda ikarudia tabia zake.

Ya pili, mshindani wake mkubwa, ilikuwa nyembamba na inang'aa, fundi akaibatiza Mrembo kabla haijawashwa. Na mikono iliionyesha, tena kwa ulaini, kila kidole na safari yake. Mwanya akamwuliza baba: unaipenda? Baba akabaki anamtazama, anasubiri. Akauliza tena. Baba anasubiri.

"Nimekuuliza!"

"Umeniuliza saa ngapi? Uso wako umepigwa pasi."

Ilikuwa kweli. Simu ilikuwa inampamba bila idhini yake, imefuta mikunjo ya paji la uso, na kwa watu hawa swali lote linakaa kwenye nyusi. Mwanya alijitazama pale kiooni, ngozi kama ya mwanasesere, akaona kweli hawezi kuuliza chochote kwa uso ule hata angelipwa. Giga akaupata mpangilio, akauzima, na safari hii hakuonyesha aibu. Alianza kufurahia mchezo.

"Ngojeni," akasema, akaingia stoo mwenyewe, akatoka na ya tatu. Nene, haina mvuto, betri kama tofali. "Hii hawaiulizii. Lakini jicho lake la mbele ni pana na halina maringo."

Mwanya akaiweka kaunta, akarudi nyuma. Simu haikumfuata, haikumpamba. Ilimwonyesha kuanzia nywele mpaka viwiko, ikatulia hapohapo. Akasema maneno mengi kwa haraka, akachanganya na utani wa nyumbani, na kule kwenye chaja fundi akacheka kwa sauti yake nzito mpaka mteja mmoja akageuka. Akainua kidole cha mwisho. Mwanya akainua chake.

"Hii," fundi akasema.

Shangazi alikuwa keshafungua mkoba. Giga keshavuta boksi. Na hapo Mwanya, ambaye ufundi umemharibu, hawezi kuona kitu kimefanya kazi bila kutaka kujua kimefanyaje, akasema, "Subiri kidogo, kaka. Nataka nione imeizidi ya zamani kwa kiasi gani."

Akaitoa simu kuukuu ya baba, akaiweka palepale kaunta.

"Dada, na hiyo nayo inashindana?" Giga akacheka.

Mwanya akapiga, akarudi nyuma, akasema maneno yaleyale. Fundi akayajibu yote. Akaonyesha kidole, kikaonekana. Wakabadilishana: baba akaja kaunta mbele ya simu yake, Mwanya akaenda kwenye chaja, akatazama. Mikono ya baba yake ilikuwa pale kiooni mizima kabisa, na kovu la sindano kwenye dole gumba analiona. Ukungu haupo.

Giga akaichukua ile simu iliyopasuka, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mimi sijui niseme nini," akasema mwishowe. "Nikisema ni mbovu nitakuwa mwongo."

"Basi hatununui leo," Mwanya akasema.

Shangazi njia nzima alikuwa anaongea. Amevaa viatu vya kutokea, amefungua mkoba mbele za watu, halafu mtu anakwambia hatununui kwa sababu simu mbovu imepona dukani! Fundi naye alinuna kwa namna yake, mikono mifukoni, na mtu wa namna ile akitia mikono mifukoni ujue amefunga mdomo. Kesho ilikuwa Alhamisi, na baada ya Alhamisi kila mtu anajua inafuata siku gani.

Lakini Mwanya alikuwa hasikii wala haoni. Alikuwa anawaza kazi. Jokofu likigoma hubadilishi mota, gesi na waya kwa mpigo, maana likipona hutajua limeponea wapi. Unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha. Simu ni ileile. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni nini? Chumba.

Asubuhi yake akachukua ile simu akaanza kutembea nayo nyumba nzima, akijirekodi anapunga kitambaa chekundu cha kochi. Jikoni: ukungu kidogo. Uani: safi, hata nyuzi za kitambaa unazihesabu. Akarudi karakana, akaiweka kwenye bunda la sponji, akakaa kwenye kiti cha baba yake, akapunga. Ukungu mtupu. Akageuka akatazama nyuma yake, na dirisha lile kubwa la uani likampiga machoni na mwanga wote wa asubuhi.

"Heee!" akasema peke yake.

Kumbe ndiyo hiyo! Ukikaa na dirisha mgongoni, simu inaona mwanga nyuma na giza mbele. Ili ikuone inabidi iache jicho wazi kwa muda mrefu zaidi kila picha, na mkono nao hausubiri, unapita jicho likiwa wazi, unaacha moshi. Dukani taa zilikuwa mbele, nyuma, juu. Simu haikuwa na kosa. Ilipewa kazi gizani ikajitahidi.

Alimvuta baba yake mkono, na Shangazi akaja bila kuvutwa. Akawaeleza, akawaonyesha zile rekodi, na fundi akaitazama ile ya uani mara kadhaa, uso unaanza kufunguka.

"Kwa hiyo dawa ni rahisi," Mwanya akasema. Akashika kile kiti kizito cha kazi, akakizungusha, kikatazama dirisha, mgongo ukabaki mlangoni. "Kaa."

Fundi hakukaa. Alikikamata kiti akakirudisha kilivyokuwa, haraka, kama mtu anayefunika sufuria.

"Hapana," akasema.

"Ni wakati wa kuongea tu, baba."

"Leta taa."

Ikaletwa taa ya sebuleni, ikamulika usoni. Dirisha likaishinda nguvu, na fundi akawa haoni kitu kwa mwanga machoni. Wakaweka pazia dirishani, karakana ikawa pango, maana mlango ule unatazama ujia wenye paa na mwanga wake ni haba. Mwanya akasema basi atoke uani wakati wa kuongea. Fundi akauliza, mlango atamwachia nani?

Sasa Mwanya akakasirika. Alikuwa na siku moja tu, na jibu limekaa mbele yake limekunja mikono. "Mlango, mlango! Wateja wanakujua, wataingia wakuguse bega. Kwa ajili ya wateja nikose kazi?"

Aliyejibu ni Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu Mwanya amfahamu, alijibu kwa sauti ndogo.

"Unadhani ni wateja?"

"Ni nini, sasa?"

"Kwani hukuwahi kuambiwa?" Shangazi akamshika mkono wa kushoto, akakinyanyua kile kidole. "Fundi gani anashona amejizibia mwanga? Kila fundi hukaa anatazama dirisha. Baba yako naye alikaa hivyo. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unasimama, umeshikilia mlango. Upepo ukaubamiza. Mimi natoka sokoni nikakusikia toka kona ile. Nafika, wewe umebanwa kidole, umelia mpaka sauti imekauka, na baba yako yuko hapo, hatua chache, anashona. Amekupa mgongo. Hana habari."

Mwanya akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Siku hiyohiyo akakigeuza kiti," Shangazi akamalizia. "Mpaka leo anashona kwenye kivuli chake mwenyewe. Watu wamemcheka, wee! Hajali."

Fundi hakusikia hata neno, lakini alikuwa ameona kidole kimeinuliwa, ameona mlango umeonyeshwa, na alimjua dada yake. Mwanya alimgeukia baba yake machozi yakimtoka, na aliona aibu kwa yale aliyosema kuhusu wateja. Hakujua aanze na mkono upi.

"Kinauma?" baba yake akamwuliza.

"Hakijawahi kuuma, baba."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akautazama mlango, akautazama muda mrefu, halafu akaitazama simu pale kwenye sponji.

"Nilikaa hivi kwa sababu wewe ulikuwa unapita pale," akasema, taratibu, kila neno na nafasi yake. "Kuanzia wiki ijayo utakuwa unapita wapi?"

Akajijibu mwenyewe, akaonyesha simu. Kisha akainama, akakishika kiti, akakigeuza mwenyewe. Akakaa. Mabega yalimpanda, shingo ikamkakamaa, unaona kabisa mwili mzima unataka kugeuka nyuma. Hakugeuka. Mwanga wa dirisha ukamjaa usoni na mikononi, na Shangazi akasema, kwa sauti yake ya kawaida sasa, kwamba kumbe kaka yake amezeeka vizuri.

Ijumaa asubuhi Mwanya alimpigia meneja, akasema ndiyo.

Chumba alichopata kule kilikuwa kidogo, kinanuka rangi mpya, lakini alikichagua kwa sababu ya dirisha, na meza akaiweka mbele yake kabla ya kitanda. Kazi ilimpokea vizuri. Jioni ya kwanza aliyotoka mapema, jua bado liko juu, akachana nywele, akaegemeza simu kwenye sanduku la spana, akapiga.

Baba akatokea. Kila kidole, kila mkunjo, kovu la dole gumba. Hakusalimia, akainua kidole cha mwisho. Mwanya akainua chake, na fundi akasogea akakitazama kwa kituo, kisha akaanza habari: Shangazi ameanza kuleta maua ya kweli, anayaweka mezani kila asubuhi, yanamwagia maji vitambaa. Mwanya akacheka mpaka akashika tumbo. Lakini aliona pia kwamba katikati ya kila sentensi baba yake anakata, anageuza shingo kutazama nyuma, anarudi, anaanza upya.

Na nyuma yake, juu ya bega, Mwanya aliuona mlango. Wote, toka kizingiti mpaka bawaba, na ule ujia wa nje. Hakuwa ameliwazia hilo. Kiti kilipogeuzwa, simu nayo iligeuka.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume amebeba kiti kichwani, akasimama, hajui amwite vipi mtu aliyempa mgongo.

"Baba," Mwanya akasema kwa mikono, "mtu mlangoni. Ana kiti, kimetoboka."

Fundi akageuka bila kushtuka, akainuka, akampokea mteja, akamwonyesha pa kukiweka. Mteja alipotoka, alirudi akakaa, akamtazama binti yake kwenye kile kioo kilichopasuka pembeni. Akainua mikono aendelee na habari ya maua, na shingo ikaanza tena kwenda nyuma.

"Usigeuke," Mwanya akamwambia. "Mlango nauangalia mimi."

Mabega yakamshuka taratibu. Akavuta kitambaa cha kochi magotini, akakipeleka kwenye mwanga, akaendelea kusimulia kati ya mshono na mshono, na mpaka jua linazama hakugeuka tena.